Kitufe kinapogoma: Jinsi ya kusaka kasoro katika kurasa za mtandao mpakani

RITIFAA, ile alama ndogo inayoandikwa katika maneno kama vile ng'ombe na ng'ambo, inatosha kukifanya kitufe katika ukurasa wa mtandao kigome kabisa kinapobonyezwa. Nayo koma inayotenganisha tarakimu za bei inaweza kuigeuza Sh12,500 kuwa Sh12 bila mtu yeyote kuonywa.

Kasoro za aina hii ni za kawaida katika kurasa zinazotungwa kwa lugha ya PHP kisha zikaendeshwa na JavaScript ndani ya kivinjari. Hazichagui mji. Hata hivyo, zina nafasi kubwa ya kujitokeza katika miji ya mpakani kama Busia na Malaba, ambako majina mengi yana ritifaa, bei hutajwa kwa sarafu mbili, na rununu inaweza kuhama kutoka mtandao wa Kenya hadi wa Uganda mwenyewe akiwa amesimama papo hapo.

Miji hiyo miwili ya Kaunti ya Busia ndiyo milango mikuu ya barabara kati ya Kenya na Uganda. Tangu Himaya Moja ya Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki (EAC) ilipoanza kutekelezwa mnamo 2014, sehemu kubwa ya kazi ya hati za mizigo hufanywa kwa tarakilishi kabla ya lori kuwasili mpakani. Mnamo Februari 24, 2018, aliyekuwa Rais wa Kenya Uhuru Kenyatta na Rais wa Uganda Yoweri Museveni walifungua rasmi kituo cha pamoja cha mpakani mjini Busia, ambako maafisa wa nchi zote mbili huwahudumia wasafiri mahali pamoja.

Mfanyabiashara mdogo naye ana utaratibu wake. Chini ya mpango wa biashara uliorahisishwa wa EAC, bidhaa zilizoorodheshwa ambazo asili yake ni nchi wanachama, na ambazo thamani yake haizidi dola 2,000 za Marekani, huvushwa kwa cheti chepesi cha asili.

Mifumo mikubwa ya serikali ina wahandisi wake wa kuitunza. Lakini ghala la nafaka, kampuni ndogo ya uchukuzi, chama cha akina mama wauzaji omena au nyumba ya wageni hutegemea kijana mmoja anayejua kutunga tovuti. Kijana huyo akikosea, hasara humwangukia mteja aliyemwamini. Ndiyo maana inafaa aelewe kasoro hizi zinatoka wapi na zinavyosakwa.

Lugha mbili, mahali pawili

PHP ilianzishwa mnamo 1994 na Rasmus Lerdorf, mzaliwa wa Greenland, na ikatolewa kwa umma 1995. Mwaka uo huo wa 1995, Brendan Eich wa kampuni ya Netscape nchini Marekani alitunga JavaScript kwa muda wa siku 10. Lugha hizi mbili zimeandamana katika kurasa za mtandao tangu wakati huo, lakini hazifanyi kazi mahali pamoja.

PHP hufanya kazi ndani ya seva. Husoma hifadhidata, huunganisha maandishi, hutunga ukurasa mzima na kuutuma. Baada ya hapo kazi yake imekwisha. JavaScript, kwa upande wake, huamka ukurasa unapofika katika tarakilishi au rununu ya mtumiaji.

Safari hiyo inafanana na ya kontena kutoka Mombasa. Karani wa bandarini huhakikisha shehena imepakiwa, lakiri ikafungwa na lori likaondoka. Lori linapofika Malaba, karani yule hayupo tena. Linalohesabika ni kile kilichomo ndani ya kontena, wala si kile alichokusudia kupakia.

Kwa hivyo, kidole cha mtumiaji hakiwezi kuiamsha PHP moja kwa moja. Anayebonyeza kitufe huiamsha JavaScript, na JavaScript ikihitaji jambo kutoka kwa PHP, sharti itume ombi jipya kwa seva na kungoja jibu. Wanagenzi wengi hupotea hapa, wakidhani kwamba lugha hizo mbili zinazungumza ana kwa ana kwa kuwa zimeandikwa katika faili moja.

Kubonyeza kitufe, kuandika katika kisanduku, kubadilisha chaguo au kutuma fomu, kila kimojawapo huitwa tukio. Msimbo uliowekwa kungojea tukio fulani ndio unaoitwa hapa amri ya tukio. Kitufe kikigoma, sababu huwa ni moja kati ya tatu: amri haikuwahi kufungwa kwenye kitufe, au ilifungwa lakini ikavunjika, au ilitekelezwa vyema lakini matokeo yake yakafutwa kabla ya kuonekana.

Chungulia kilichofika

Hatua ya kwanza ya uchunguzi ni kuacha kuikodolea macho faili ya PHP na kuutazama ukurasa kama ulivyofika katika kivinjari. Vivinjari vyote vikuu vina chaguo la kuonyesha chanzo cha ukurasa. Aidha, katika tarakilishi nyingi kitufe cha F12 hufungua zana za wasanidi, ambamo mna sehemu inayoorodhesha makosa ya JavaScript.

Kosa likiripotiwa kuwa katika mstari wa 214, mstari huo ni wa ukurasa uliotungwa, si wa faili ya PHP. Faili yenyewe huenda ina mistari 60 tu, kwani kitanzi kimoja cha PHP kinaweza kuzaa mamia ya mistari. Anayetafuta mstari wa 214 ndani ya faili ya PHP anatafuta asichokiweka.

Ritifaa ya Ong'ayo

Chukua mfano wa ghala linaloweka orodha ya wateja, kila jina likiwa na kitufe cha kulifuta. Mtunzi ameiagiza PHP iandike katika kila kitufe amri ya onclick yenye jina la mteja kati ya alama mbili za nukuu moja. Kwa mteja aitwaye Wafula, kivinjari hupokea futa('Wafula') na mambo huenda shwari.

Akisajiliwa mteja aitwaye Ong'ayo, kivinjari hupokea futa('Ong'ayo'). JavaScript husoma ritifaa ya katikati kama mwisho wa jina, hukutana na herufi "ayo" zisizo na maana yoyote kwake, na kuitupa amri nzima. Kitufe cha Wafula kinafanya kazi, cha Ong'ayo kimekufa, na mwenye ghala anabaki akiamini kwamba mtambo una kinyongo na mteja mmoja.

Jina hilo hilo likiandikwa ndani ya kifungu kikubwa cha msimbo badala ya kitufe kimoja, madhara huwa makubwa zaidi. Kosa moja la sarufi hubatilisha kifungu chote, na vitufe vyote vinavyokitegemea hunyamaza kwa pamoja. Ndiyo sababu ukurasa uliofanya kazi kwa miezi mingi unaweza kufa siku anaposajiliwa mtu mmoja tu mpya.

Wengi hukimbilia kutumia htmlspecialchars, chombo cha PHP cha kugeuza alama hatari kuwa maandishi salama. Kuna mitego miwili. Kwanza, kabla ya toleo la PHP 8.1 lililotoka 2021, chombo hicho hakikuigusa ritifaa mpaka kiagizwe waziwazi. Pili, hata kikiigeuza, kivinjari huirejesha katika umbo lake la awali kabla ya kumkabidhi JavaScript amri iliyo ndani ya onclick. Ritifaa hurudi ilipokuwa na kosa hubaki vile vile.

Tiba ni kuyafunika maandishi mara mbili: kwanza kwa json_encode, ambayo huyapa umbo linaloeleweka na JavaScript, kisha kwa htmlspecialchars, ambayo huyafanya yafae kuwekwa ndani ya lebo ya ukurasa. Chombo cha json_encode kimekuwa sehemu ya PHP tangu toleo la 5.2 la mwaka 2006.

Njia nyingine iliyo safi zaidi ni kutoandika amri yoyote ndani ya kitufe. Jina huhifadhiwa katika sifa ya kitufe inayoanza kwa data-, likiwa limekingwa kwa htmlspecialchars na kuzungushiwa alama za nukuu mbili, kisha JavaScript ikalisoma kutoka hapo. Jina hubaki kuwa habari, wala haligeuki kamwe kuwa sehemu ya msimbo.

Koma na sufuri

Kasoro ya ritifaa angalau hupiga kelele katika orodha ya makosa. Ya koma hunyamaza, na kwa hivyo ni hatari zaidi.

PHP ina chombo kiitwacho number_format kinachoipamba namba kwa koma ili isomeke vyema. Namba iliyopambwa ikipelekwa kwa JavaScript bila alama za nukuu, kivinjari hupokea badili(12,500). Kwa JavaScript, koma hutenganisha vitu viwili. Inachoona ni 12 kama kitu cha kwanza na 500 kama cha pili. Ikiwa amri inatarajia bei peke yake, itachukua 12 na kuipuuza 500. Hakuna kosa litakaloripotiwa, na hesabu ya kubadilisha shilingi za Kenya kuwa za Uganda itatoka ikiwa imepotoka vibaya.

Sufuri inayotangulia nayo ina vituko vyake. Namba ya risiti 0123 ikiandikwa bila alama za nukuu, JavaScript huisoma kwa mtindo wa zamani wa kuhesabu kwa msingi wa nane, na kuipa thamani ya 83. Namba 0128, kwa kuwa ina tarakimu ya nane ambayo haimo katika msingi huo, husomwa kama 128. Risiti mbili zinazofuatana kwa karibu huishia mbalimbali. Msimbo ukiendeshwa katika hali kali ya JavaScript, namba hizo hukataliwa papo hapo, jambo ambalo ni afadhali.

Kanuni ni rahisi. Namba za kuhesabiwa zipelekwe zikiwa tupu, bila koma, na zipambwe mwishoni zinapoonyeshwa. Namba zisizohesabiwa, kama za risiti, za simu, za vitambulisho na za magari, zichukuliwe kuwa maandishi na zifungwe kwa alama za nukuu.

Mstari wa kwanza pekee

Malalamiko mengine ya kawaida ni kwamba kitufe cha mstari wa kwanza katika jedwali hufanya kazi huku vingine vyote vikigoma. Mara nyingi chanzo ni kitanzi cha PHP kilichorudia kitambulisho kimoja, yaani id, katika kila mstari. Katika ukurasa mmoja, id hufaa kumilikiwa na kitu kimoja tu. JavaScript ikiulizwa kiko wapi kitufe chenye id fulani, huleta cha kwanza inachokutana nacho na kutulia.

Dawa ni kutumia jina la kundi, yaani class, kisha amri ikafungwa kwenye kila kitufe cha kundi hilo. Lakini ipo njia bora zaidi kwa jedwali ambalo mistari yake huongezeka. Tukio linalotokea kwenye kitufe hupanda hadi kwenye mstari, kisha jedwali, kisha ukurasa mzima. Amri moja iliyofungwa kwenye jedwali inaweza kulipokea na kuuliza limetoka kwenye kitufe kipi. Ni sawa na kuweka bawabu mmoja langoni badala ya mlinzi mmoja katika kila duka.

Njia hiyo hutatua pia tatizo la vitufe vilivyochelewa. Amri iliyofungwa ukurasa unapofunguka haivijui vitufe vitakavyoletwa baadaye, kwa mfano baada ya mtumiaji kuomba orodha ya mizigo mipya. Bawabu wa langoni huwahudumia hata wageni waliofika amekwishaanza zamu.

Mpangilio wa upakiaji nao una athari. Msimbo ukiwekwa juu ya ukurasa, unaweza kuanza kukitafuta kitufe ambacho bado hakijasomwa na kivinjari. Kuipa lebo ya faili ya msimbo neno defer huufanya ungoje hadi ukurasa wote usomwe.

Mtandao unapohama

Kenya, Uganda, Rwanda na Sudan Kusini zilianza mnamo 2014 kutekeleza mpango wa eneo moja la mtandao ili kupunguza gharama ya simu zinazovuka mipaka. Gharama ni jambo moja, uthabiti wa mawimbi ni jingine. Karibu na mpaka, rununu inaweza kuachana na mnara wa upande mmoja na kushika wa upande wa pili katikati ya kupakia ukurasa.

Hali hiyo ikitokea, ukurasa wenyewe unaweza kuwa umefika ilhali faili ya JavaScript haijafika. Mtumiaji huona vitufe vikiwa vimepangwa vizuri, ila ni picha tu, havina amri yoyote nyuma yake. Mtunzi aliye Nairobi hujaribu ukurasa huo huo, akaona uko sawa, na kumwambia mteja kwamba kosa ni lake.

Kinga yake ni kuhakikisha kwamba fomu muhimu zinaweza kutumwa kwa seva hata JavaScript isipokuwapo, na kwamba faili za msimbo ni chache na nyepesi. Pia kivinjari hupenda kuhifadhi faili za zamani. Ikiwa marekebisho yamefanywa lakini mteja bado anaona kasoro, PHP inaweza kuongeza kwenye anwani ya faili wakati ilipobadilishwa mwisho, ili kivinjari kilazimike kuichukua upya.

Kosa jingine linalochanganya ni pale JavaScript inapoomba orodha kutoka kwa seva na kupokea ukurasa mzima badala yake. Huenda muda wa kikao cha mtumiaji umekwisha na seva ikatuma ukurasa wa kuingilia. Huenda pia PHP imechapisha onyo la kosa mbele ya jibu. Katika visa vyote viwili JavaScript husimama kwenye alama ya kwanza isiyoitarajia. Kuyatazama majibu ya seva katika zana za wasanidi hufichua ukweli mara moja.

Matokeo yanayofutika

Kitufe kilicho ndani ya fomu, kisipoelezwa aina yake, huchukuliwa kuwa cha kutuma fomu. Mtumiaji anapokibonyeza ili kupiga hesabu ya ushuru, JavaScript hupiga hesabu hiyo, kisha fomu ikatumwa na ukurasa ukafunguka upya. Jibu lilikuwapo kwa kufumba na kufumbua. Kukipa kitufe aina ya button, au kuiagiza JavaScript izuie mwenendo wa kawaida wa fomu, humaliza tatizo hilo.

Kinyume chake ni kitufe cha malipo kinachoitika kupita kiasi. Mtandao ukiwa mzito, mtu hubonyeza mara mbili au tatu, na kila mbonyezo ukawa ombi jipya. Ni busara kukizima kitufe fomu inapotumwa. Isitoshe, seva yenyewe inapaswa kuipa kila fomu namba ya siri inayotumika mara moja tu, ili ombi la pili likataliwe hata likifika.

Hapa ndipo ulipo mpaka ambao mtunzi hapaswi kuusahau. Kila kinachofanyika katika kivinjari kinaweza kuzimwa au kubadilishwa na mwenye kivinjari. Ukaguzi wa JavaScript ni hisani kwa mtumiaji mwaminifu, hauwezi kumzuia mlaghai. Bei, kiasi na haki ya kufuta rekodi ni lazima vikaguliwe upya na PHP ndani ya seva.

Vivyo hivyo, ritifaa inayokiua kitufe ni dalili ya hatari kubwa kuliko kitufe chenyewe. Ikiwa jina la mteja linaweza kuvunja msimbo kwa bahati mbaya, basi mtu mwenye nia mbaya anaweza kuandika katika kisanduku cha jina msimbo wake mwenyewe, nao ukatekelezwa katika tarakilishi ya kila atakayeifungua orodha hiyo. Kuondoa tu ritifaa kwenye majina hakulindi chochote, na ni dharau kwa wenye majina hayo.

Mfuatano wa uchunguzi

Kwa anayekabiliwa na kitufe kilichogoma, mfuatano unaofaa ni huu. Kwanza, afungue orodha ya makosa ya kivinjari na kusoma kosa la juu kabisa, kwa kuwa yanayofuata mara nyingi huzaliwa nalo. Pili, athibitishe kwamba faili zote za JavaScript zimefika. Tatu, akitazame kitufe katika chanzo cha ukurasa uliofika na kukilinganisha na kingine kinachofanya kazi. Nne, aweke katika amri ya tukio ujumbe mfupi wa kuonyesha kwamba imeitwa. Ujumbe ukionekana, kasoro iko ndani ya amri au baada yake. Usipoonekana, amri haikufungwa au ilivunjika mapema.

Tano, atazame ombi lililotumwa kwa seva na jibu lililorudi. Ni baada ya hapo tu ndipo inafaa kurudi kwenye faili ya PHP, akiwa tayari anajua anachokitafuta.

Afadhali zaidi ni kuzijaribu kurasa hizo kabla ya kumkabidhi mteja. Orodha ya majaribio yenye Wafula pekee haitoshi. Iwe pia na Ong'ayo, Ng'ang'a na Nyang'oma, bei ya 12,500, risiti nambari 0123, mistari mitatu au zaidi katika jedwali, na rununu ya bei nafuu iliyobebwa hadi karibu na lango la mpaka. Ukurasa ukiyavuka hayo yote, mwenye ghala anaweza kuuamini kwa hesabu zake.